Mjukuu na Majuto

Kisanduku chenyewe kilikuwa kidogo, hakikuzidi punje ya harage. Kilikaa ukurasa wa pili wa fomu, mbele ya swali moja: je, msafiri ana ugonjwa wowote wa kudumu, au ametumia dawa mfululizo katika miezi 12 iliyopita? Pembeni yake kulikuwa na pacha wake. Kimoja cha ndiyo, kimoja cha hapana. Kalamu niliishika mimi. Mama hakuwepo. Alikuwa nyumbani kwangu Tabata, ametoka Tanga siku mbili kabla kwa ajili ya kuchukuliwa alama za vidole ubalozini, na asubuhi ile nilimwacha sebuleni akikunja kanga za kumpelekea mzazi.

Mzazi ni mdogo wangu wa kike anayeishi Hamburg, Ujerumani. Alijifungua mtoto wake wa kwanza mwezi wa 11, na Mama, mwenye miaka 67, akaapa kwamba mjukuu wake hatafikisha siku mia bila kubebwa na bibi yake. Viza tuliomba ya siku 60. Nauli alitoa mdogo wangu. Mimi niliachiwa makaratasi, na bima ya safari ilikuwa mojawapo.

Nikaingia kwa wakala mmoja maeneo ya Posta. Kijana wa dirishani alikuwa mchangamfu. Akanitolea bei tatu za kampuni tatu: Sh 118,000, Sh 176,000 na Sh 254,000. Akanichapia na vyeti vya mfano, nikavipanga juu ya kaunta kama mtu anayepanga karata. Vyote vitatu vilisema mamoja: euro 30,000, nchi zote za Schengen, matibabu ya dharura, kurudishwa nyumbani.

"Sasa tofauti yake nini?" nikauliza.

"Bosi, kwa viza zote zinapita," akanijibu.

Jibu hilo ndilo nililotaka kulisikia. Kama zote zinapita, mwenye akili anachukua ya chini. Mimi sokoni huzunguka mabanda matatu kwa ajili ya nyanya za elfu moja, sembuse laki na ushei.

Tulipofika kwenye kile kisanduku, kijana akainua macho. "Mama ana tatizo lolote la kiafya?"

"Presha tu. Ya kawaida, ya wazee. Anameza kidonge, imetulia."

Akatabasamu. "Ukiweka ndiyo, bei inapanda kama elfu sitini hivi. Wewe ndiye unayejua."

Nikaweka hapana. Nikatia saini kwa niaba yake, nikalipa, nikachukua risiti. Kabla sijafika kituo cha mwendokasi nilikuwa nimeshaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba bima imepatikana kwa laki na kumi na nane tu. Wakanisifia.

Wengi tunajikwaa hapohapo nilipojikwaa mimi. Kwa viza ya Schengen, sheria inataka bima yenye kinga isiyopungua euro 30,000, inayotambuliwa katika nchi zote za eneo hilo, ambazo sasa ni 29, kwa siku zote za kukaa, na inayolipia matibabu ya dharura, kulazwa hospitali, kurudishwa kwa sababu za kiafya na gharama za kifo. Kiwango hicho kiliwekwa 2004 na mpaka leo hakijaguswa, ingawa bili za hospitali hazikubaki mahali pamoja. Afisa wa viza akiyaona mambo hayo kwenye cheti, kazi yake imekwisha. Hafungui mkataba kuangalia ni ugonjwa gani haukingwi, wala hasara kiasi gani utajibebea mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti. Sharti lile lilitungwa ili hospitali na hazina za Ulaya zisibakiwe na deni la mgeni; kumkagulia mgeni mkataba wake hakumo. Cheti kilikuwa karatasi ya ubalozi. Mkataba wenyewe, kurasa 31 za herufi ndogo, ulikuwa wangu, nao ulikaa kwenye barua pepe bila kufunguliwa.

Mama alisafiri mwanzoni mwa Januari. Picha zikaanza kuja: Mama na mjukuu, Mama na koti lililomzidi, Mama anapika uji wa mzazi kwenye jiko lisilotoa moto. Tukasema Alhamdulillahi.

Wiki ya tatu mvua ilinyesha Hamburg usiku, na kabla ya alfajiri ikaganda. Asiyeishi nchi za baridi hawezi kukijua kitu hicho. Lami inaonekana imelowa tu, kumbe juu yake pana barafu nyembamba kama kioo. Mama alishuka kwenda kutupa takataka. Pipa liko hatua kama ishirini kutoka mlangoni. Kwenda alikwenda salama. Kurudi ndiko kulikomshinda. Jirani alimkuta amekaa chini, kashika nyonga, kiatu kimoja kimemtoka, anamtaja Mungu kwa Kiswahili. Akapiga 112, namba ya dharura ya Ulaya nzima, na gari la wagonjwa likafika.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika karibu na nyonga. Kabla ya upasuaji daktari aliuliza dawa anazotumia. Mdogo wangu akafungua kimfuko cha kitenge ambacho Mama hakiachi: ndani mna tasbihi, miwani, na karatasi ya vidonge vya amlodipine, miligramu 5, vimebaki vinne.

"Tangu lini?" daktari akauliza.

"Miaka minane."

Daktari akaandika. Alifanya linalompasa, mgonjwa wa presha halazwi kwenye meza ya upasuaji bila hilo kujulikana. Wakamwekea nyonga ya bandia, akakaa wodini siku 12.

Usiku wa kuanguka mdogo wangu alinipigia huku analia. Nikamjibu kwa sauti ya kaka mkubwa: "Tulia. Mama ana bima."

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi tangu siku ile.

Kwenye cheti palikuwa na namba ya simu ya msaada, saa 24. Mdogo wangu hakuipiga mpaka siku ya tatu, kwa sababu alikuwa na kichanga mkononi na mama wodini, na kwa sababu mimi sikumwambia. Mkataba ulitaka kampuni ijulishwe ndani ya saa 24, au mapema kadiri hali itakavyoruhusu. Kwa dharura ya kweli huenda wangelisamehe hilo. Wakafungua jalada, wakaomba ripoti ya daktari, ripoti ikatumwa. Tukangoja wiki sita. Bili ikaja kwanza, euro 12,000 na ushei. Barua ya kampuni ikaja baada yake, aya tatu, na aya ya pili ilianza na maneno "kwa masikitiko".

Nilikwenda ofisini kwao nikiwa nimechemka. Aliyenipokea ni dada wa kitengo cha madai, mtu mzima, mpole, mwenye jalada la Mama mezani. Nikamwaga yote niliyokuwa nayo moyoni. Presha inahusianaje na barafu? Hata kijana wa miaka 20 angeanguka pale!

Akaniacha nimalize. "Kaka yangu, hakuna anayebisha kuhusu barafu," akasema. Akafungua jalada, akageuza ukurasa wa pili wa fomu unielekee. "Alama hii uliweka wewe?"

"Mimi."

Akaweka pembeni yake ripoti ya daktari. Mstari mmoja ulikuwa umepakwa rangi ya njano. Miaka minane.

"Soma kifungu cha saba," akaniambia. Nikasoma mkataba wangu kwa mara ya kwanza, juu ya meza ya watu wengine. Kifungu kilisema kwamba jibu lisilo la kweli kwenye swali la msingi linabatilisha mkataba wote tangu siku ulipoanza. Wote, si sehemu ya presha peke yake.

Kisha yule dada akasema neno ambalo sikulitegemea, na naamini alilisema kwa huruma. "Ungeweka ndiyo, tungekuongezea ada, pengine tungeiweka presha kando isikingwe. Mfupa tungelipa."

Mfupa tungelipa. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi na simu mkononi nikipiga hesabu. Ukweli ungenigharimu Sh 60,000. Uongo ulikuwa umegharimu zaidi ya milioni 30. Na kwa kuwa mkataba ulihesabiwa kwamba haukuwahi kuwepo, walinirudishia ile laki na kumi na nane yangu, kamili, bila kupungua hata shilingi.

Deni halikuniangukia mimi. Lilimwangukia mdogo wangu. Ili Mama apewe viza, yeye alikuwa ametia saini mbele ya mamlaka za mji wake barua ya udhamini ambayo Wajerumani huiita Verpflichtungserklärung: kwamba matumizi ya mgeni wake, matibabu yakiwemo, atayarudisha yeye iwapo fedha za umma zitatumika. Hospitalini nako alikuwa ameshatia saini. Akaomba kulipa kwa awamu, miezi 36, kila mwezi euro 330 na kitu. Nusu ya hizo namtumia mimi. Wala sihesabu kwamba namsaidia, nalipa nilichovunja.

Nilifikiria kulalamika. Njia ipo, na msomaji aijue: kwa Tanzania, anayeona kampuni imemdhulumu anaweza kufika TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyoundwa kwa kazi hiyohiyo; Kenya mamlaka yao ya bima ni IRA. Rafiki yangu wakili aliitazama fomu kwa muda, akaivua miwani. "Ukienda utasikilizwa," akasema. "Lakini kuhusu kisanduku utawaambia nini?"

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kanuni iliyonipiga ina umri mkubwa kuliko nchi zetu. Mwaka 1766 jaji mmoja wa London, Lord Mansfield, aliamua kesi ya Carter na Boehm kuhusu bima ya ngome ya Waingereza huko Sumatra. Mwenye bima alishinda kesi ile, lakini maelezo ya jaji ndiyo yaliyobaki: bima husimama juu ya uaminifu wa pande zote mbili, kwa sababu mkata bima anajua mambo ambayo muuza bima hawezi kuyaona. Kampuni haikuwa na namna ya kuchungulia kimfuko cha kitenge cha Mama. Waliuliza. Niliyejua ni mimi.

Mama alirudi mwezi wa tatu, anatembelea gongo. Tulimpokea uwanja wa ndege na maua, na njia nzima alizungumzia mjukuu: anavyocheka, anavyofanana na marehemu baba. Tulipofika Tazara, kwenye foleni, akanyamaza kidogo.

"Hivi baba, kwani uliwaambia nina presha?"

Nikaangalia gari la mbele.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema taratibu. "Na maradhi yenyewe hayakuwa yako."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwetu sisi vilikuja pamoja, kwa ndege moja.

Mtoto alipokaribia kutimiza miaka miwili, mdogo wangu akamwalika Mama tena. Nilidhani atakataa. Alikubali siku hiyohiyo, akaongeza: "Ila safari hii fomu naijaza mwenyewe. Wewe nitafutie mikataba."

Alisema mikataba. Hakusema bei. Nikaomba bei tatu kwa mawakala wenye leseni, na kwa kila moja nikaomba mkataba mzima, si cheti. Mmoja alishangaa, akasema hajawahi kuombwa. Nikaichapisha yote kwa mwenye steshenari wa mtaani, kurasa themanini na kitu, tukakaa sebuleni baada ya Isha, Mama kwenye kochi, mimi chini na daftari kubwa. Nikawaza: mgeni anayekuja Zanzibar, tangu Oktoba 1, 2024, anatakiwa kuwa na bima ya dola 44 ya huko huko. Bei imeshapangwa, hana cha kuchagua. Sisi tunaokwenda kwao tumeachiwa tuchague, na usiku ule ndipo nilipojua kwamba kuchagua ni kazi.

Nikachora jedwali. Nilikuwa nimeanza na mstari wa bei, kama nilivyozoea. Mama akanizuia. "Bei weka chini kabisa. Juu andika mabaya."

Tukaandika mabaya. Mstari wa kwanza: Mama anaanguka. Wa pili: presha inapanda usiku. Wa tatu: hospitali inataka fedha kwanza. Wa nne: ugonjwa unamkuta njiani. Wa tano: begi halikufika. Wa sita nilisita, akaniambia niandike: Mama anafariki. Kisha kila mkataba tukauuliza maswali hayohayo, mmoja baada ya mwingine. Ndiyo njia ninayoweza kumpa yeyote: usilinganishe kampuni, linganisha siku mbaya, halafu uone kila kampuni itasimama wapi siku hiyo.

Na mkataba usomwe kuanzia nyuma. Mbele huwekwa ahadi; nyuma huwekwa tafsiri ya maneno na orodha ya yasiyokingwa, na humo ndimo fedha zinamokaa. Kwenye tafsiri tulikuta kila kampuni ina maana yake ya "ugonjwa uliokuwepo kabla". Ya kwanza ilihesabu chochote kilichowahi kutibiwa maishani. Ya pili ilirudi nyuma miezi 12. Zote zilikubaliana kwamba presha iliyotulia kwa dawa ni ugonjwa uliopo. Sisi watu wa nyumbani tukisema "imetulia" tunamaanisha imekwisha. Kwa bima, kidonge cha kila siku ndicho ushahidi kwamba haijaisha.

Kwenye mstari wa presha mikataba ikaachana kabisa. Mkataba wa bei ya chini haukulipa lolote linalotokana na ugonjwa wa zamani, hata kama ni kufa na kupona. Wa kati ulilipa dharura yake mpaka euro 5,000, ili mgonjwa atulizwe na aweze kusafirishwa, ilimradi ugonjwa umetajwa kwenye fomu. Wa bei ya juu ulilipa kiasi hichohicho. Nikarudia kusoma nikidhani nimekosea. Sikukosea.

Hospitali ikitaka fedha kwanza, je? Mkataba wa chini ulikuwa wa kurudishiwa: lipa, kusanya risiti, rudi nyumbani, dai. Kwa mtu mwenye bili ya euro 12,000 hiyo si bima, ni ahadi ya deni. Miwili mingine ilikuwa na kituo cha msaada kinachoihakikishia hospitali malipo moja kwa moja, mradi wapigiwe simu mapema. Namba ya kituo hicho Mama aliniagiza niiweke mahali pane: pasipoti, kimfuko, mlango wa friji la Hamburg, na simu yangu. Tukaangalia pia kiasi ambacho kampuni hukata kwanza katika kila dai na kumwachia mwenye bima abebe. Wa chini ulikata euro 150 kila mara. Yaani ukienda kwa daktari kwa mafua mabaya, pengine unalipa yote mwenyewe huku una bima mfukoni. Wa kati haukukata kitu.

Safari yenyewe ilipitia Addis Ababa, saa tano za kungoja. Mkataba wa chini ulikinga ndani ya Schengen tu. Mama akianguka uwanja wa ndege wa Addis angekuwa mikononi mwa Mungu peke yake. Mingine miwili ilikuwa ya dunia nzima isipokuwa Marekani na Kanada. Hilo nalo ni la kusomwa kwa jicho kali, maana matibabu ya Marekani ni ghali kiasi kwamba kampuni huzitenga nchi hizo mbili na kuziuzia bei yake. Mwenye mtoto Toronto au Minnesota akinunua "dunia nzima" bila kumalizia sentensi, amenunua dunia isiyo na mwanawe. Tukahesabu na siku: bima ianze siku ya kuondoka nyumbani na ipite siku ya kurudi, na mkataba useme itaongezeka ndege ikiahirishwa. Tukauliza pia viza ikikataliwa ada inarudi au hairudi. Kwa kampuni nyingi hurudi, ukiwapelekea barua ya kukataliwa, na hilo liwe limeandikwa.

Begi hatukulikalia. Mashirika ya ndege yenyewe yanawajibika kwa mzigo uliopotea mpaka kiwango cha Mkataba wa Montreal, na la muhimu ni kutotoka uwanjani bila kuandikisha taarifa na kupewa namba. Ila hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa ile bei ya juu. Mkataba wake ulikinga vifaa vya gofu, michezo ya kuteleza kwenye theluji, na kompyuta ya kazini. Mama alicheka mpaka akashika nyonga. "Mimi na kuteleza tumeshamalizana," akasema.

Tukafika mstari wa sita. Nikasoma kwa sauti ya chini. Mikataba yote ililipia kusafirisha mwili, kama sheria inavyotaka, na gharama hiyo kutoka Ulaya ni maelfu ya euro. Lakini mmoja, ule wa kati, uliandika kusafirisha mwili au mazishi ya hukohuko, kwa hiari ya familia.

"Huo," Mama akasema. "Siku zangu zikiniishia kwao, nizikwe kwao. Nisikawizwe kwenye friji kwa ajili yenu kulia."

Nikaandika. Kalamu ilikuwa nzito. Kisha tukashuka kwenye mstari wa mwisho, wa bei. Kampuni nyingi huongeza ada msafiri akishavuka miaka 65, na Mama alikuwa anakaribia 69, tena mwenye presha na nyonga ya bandia. Wa chini: Sh 149,000. Wa kati: Sh 287,000. Wa juu: Sh 410,000. Ningekuwa mtu wa kusema ghali ndiyo bora, ningechukua wa juu na kumnunulia Mama kinga ya gofu. Mkataba wa kati ndio uliojibu mabaya yetu sita. Rahisi ulikuwa na matundu pale pale tulipovuja mwaka ule. Ghali ulikuwa na paa juu ya chumba tusichokuwa nacho.

Kesho yake nilimpeleka Mama kwa wakala. Hakuwa yule kijana, alikuwa binti, naye akamwamkia Mama kwa heshima na kumsogezea kiti. Mama akatoa miwani kwenye kimfuko cha kitenge. Akasoma fomu yote, kidole kikitembea juu ya mistari, midomo ikicheza kama anayesoma juzuu. Alipofika ukurasa wa pili akaweka alama kwenye ndiyo, akaikoleza mara mbili. Chini palikuwa na mistari miwili ya maelezo. Akaandika kwa mwandiko wake wa shule ya zamani: presha, miaka kumi. Dawa, kidonge kimoja asubuhi. Nyonga ya kulia, ya bandia, Hamburg. Mistari ikaisha. Akaendelea pembeni, wima, kufuata ukingo wa karatasi: macho, na magoti wakati wa masika.

Binti akaitazama fomu, akamtazama Mama, akasema kwa upole, "Bibi, haya yote yanaongeza bei."

"Najua, mjukuu wangu," Mama akamjibu, akifunga kalamu. "Ya mwaka juzi ilikuwa rahisi. Bado tunailipa."